MDAIWA MGONJWA: HAKI YAKE NA WAJIBU WETU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, kila jeneza linapowekwa mbele ya safu zetu, kabla ya takbira ya kwanza, husimama mmoja katika jamaa za maiti akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na awaendee warithi wake, na mwenye kuweza kusamehe na asamehe. Hii ni desturi njema, na asili yake yajulikana. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa maiti, huuliza kwanza kama ana deni. Siku moja aliletewa maiti mwenye deni la dinari mbili asiyeacha cha kulilipa, akajizuia kumswalia, akawaambia sahaba zake wamswalie wao. Hapo akasimama Abu Qatada (R.A.), akalichukua deni lile juu ya shingo yake, ndipo Mtume akamswalia.

Hayo twayajua, na watoto wetu wa chuoni wayajua. Walakini darsa yetu ya leo yauliza swali moja tu: kwa nini sisi twangoja mpaka mtu alale ndani ya jeneza ndipo tuulize khabari za deni lake? Alipokuwa hai, amelala kitandani na kidonda chake, na deni lake likikua kila mwezi, nani kati yetu alikwenda kumwuliza?

KISA KILICHOLETA DARSA HII

Katika mtaa wetu yuko kijana wa miaka thelathini na kitu, mpagazi wa godauni, mtu wa sala tano, mwenye mke na watoto watatu. Mshahara wake ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Mwanzo wa mwaka alikopa shilingi 40,000 kwa mkopeshaji, kwa ajili ya karo ya skuli na bati za nyumba, kwa sharti ya nyongeza ya kumi kwa mia kila mwezi. Kabla hajakopa alinijia mimi baada ya sala ya alasiri kutaka shauri.

Mimi nilimsomesha. Nilimtajia aya za riba moja baada ya moja, nikamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kula riba na mwenye kuilisha, na mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema: “Sheikh, nimefahamu. Sasa nielekeze kwa Muislamu mmoja katika mji huu atakayenikopesha bila ya riba, nami nitakwenda kwake sasa hivi.”

Nilinyamaza. Sikuwa na jina la kumpa. Akaniaga, akaenda alikokwenda.

Miezi miwili baadaye alishikwa na ngiri kwa uzito wa magunia, akapasuliwa. Kidonda kikaingia usaha, akakaa nyumbani miezi mitatu bila ya kufanya kazi. Nilipokwenda kumzuru nilimkuta mkewe mikono mitupu. Bangili zake nne za dhahabu, ambazo ni mahari yake, zilikuwa zimekwisha wekwa rehani. Na simu ya mumewe ilikuwa chini ya mto, imezimwa, kwa kuwa kila ilipowashwa ilikuwa ni sauti ya mdai. Na mimi, maneno niliyokuwa nimekusudia kumwambia, kwamba nilikwisha kukukataza, yalinikwama kooni, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukwama huko.

HESABU YA MIEZI MITATU

Watu wengi hukopa bila ya kupiga hesabu, basi na tuipige hapa pamoja.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha chini, na mwajiri mwema aweza kuzidisha. Kwa mwenye shilingi 24,000, yaani shilingi 800 kwa siku, siku saba za kwanza ni shilingi 5,600, na saba za pili ni 2,800. Jumla ni shilingi 8,400. Baada ya siku hizo 14 kifungu hicho hakimlazimishi mwajiri asiyetaka kuzidisha kumpa hata senti moja.

Sasa tazama upande wa deni. Shilingi 40,000 kwa kumi kwa mia, ikiwa nyongeza haikulipwa na ikatiwa ndani ya deni, mwisho wa mwezi wa kwanza huwa 44,000. Mwezi wa pili huwa 48,400. Mwezi wa tatu huwa 53,240. Kwa hivyo mtu huyu, hali amelala kwa ubavu mmoja kwa maumivu, alizidishiwa shilingi 13,240, na hizo ni zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi mzima. Ugonjwa ulimkatia mkate, na riba ikamwongezea njaa.

Na hayo si yote. Katika kutafuta bandeji na nauli ya hospitali alikopa kwa simu shilingi 5,000 kwa ada ya saba na nusu kwa mia. Mtu husikia “saba na nusu” akaona ni kitu kidogo. Lakini hiyo ni ya mwezi mmoja. Shilingi 375 kila mwezi, kwa miezi 12, ni shilingi 4,500, nayo ni tisini kwa mia ya alichokopa. Zamani mwenye kutaka riba alikuwa hana budi kutembea mpaka dukani kwa mkopeshaji, na huenda haya ikamrudisha njiani. Tangu mwaka 2012 mikopo ya simu ilipoanza kuenea katika nchi yetu, mtu hukopa usiku wa manane hali amelala na mkewe, naye mkewe hajui.

Bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, husaidia katika gharama za hospitali kwa kadiri ya masharti yake. Lakini bima hiyo hailipi kodi ya nyumba, wala unga, wala mdai. Mgonjwa hutoka hospitali amelipiwa kitanda, akaikuta nyumba yake inaungua.

HII NDIYO RIBA YA JAHILIYA

Huenda mtu akadhani kuwa mambo haya ni mapya. Sivyo. Waarabu wa zama za Jahiliya, muda wa deni ukifika na mdaiwa hana, mdai alikuwa akimkhiarisha: ama alipe, ama aongezewe muda na deni lizidi. Likazidi, likazidi tena, mpaka likawa maradufu juu ya maradufu. Hiyo ndiyo sura iliyokatazwa katika Suratu Aali Imran, aya ya 130. Kisha zikaja aya za mwisho wa Suratul Baqara, na humo Mwenyezi Mungu akatangaza vita Vyake na vya Mtume Wake juu ya asiyeacha riba. Tangazo kama hilo hatulioni juu ya mlevi wala juu ya mwivi.

Na angalieni Mtume (S.A.W.) alianzia wapi. Katika hotuba yake ya Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alipoiweka riba ya Jahiliya chini ya nyayo zake, riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya Abbas bin Abdul Muttalib, ami yake mwenyewe. Hakuanza kwa Mayahudi wala kwa makabila ya mbali. Alianza kwa watu wa nyumba yake. Basi na sisi tusianze kwa mabenki na makampuni, hali sisi wenyewe tuna vyama vyetu vya mitaani, vya wanaume na vya wanawake, vinavyokopesha wanachama wake kwa kumi kwa mia na kuiita nyongeza hiyo “faida ya chama”. Jina halibadili kitu. Ukimwita punda farasi hatakwenda mbio.

Wazee wetu wa pwani hii walilionja jambo hili. Mashamba mangapi ya minazi, na nyumba ngapi za mawe, zilitoka mikononi mwa wenyewe kwa njia ya rehani, na kwa ile hila ya kuuza kwa khiyari, ambayo ndani yake ni riba na nje yake ni biashara? Wajukuu wao leo ni wapangaji mahali babu zao walipokuwa wenyeji.

HUKUMU YA MDAIWA MWENYE DHIKI

Sasa tuje kwenye kiini cha darsa. Mwenyezi Mungu, baada ya kukataza riba katika Suratul Baqara, hakuishia hapo. Katika aya ya 279 ameeleza kuwa mwenye kutubu ana haki ya rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Na katika aya inayoifuata, ya 280, ameamrisha kuwa mdaiwa akiwa katika dhiki basi angojewe mpaka apate wasaa, na akaeleza kuwa kumwachia deni kwa njia ya sadaka ni bora zaidi kwa wenye kujua.

Kutokana na aya hizi wanazuoni wametoa hukumu tatu, nazo ni hizi:

Ya kwanza: Asili ya deni ni haki ya mdai, ijapokuwa mdai ni mla riba. Mgonjwa asidhani kuwa kwa kuwa mkataba ulikuwa wa haramu basi na zile 40,000 ni zake. Hizo ni amana juu ya shingo yake. Nyongeza ndiyo batili.

Ya pili: Kumngoja mwenye dhiki si hisani, ni wajibu. Ikithibitika kuwa hana, haifai kumfunga, wala kumwandama, wala kumfedhehi. Na ni dhiki gani iliyo wazi zaidi kuliko ya mtu anayeishi kwa nguvu za mgongo wake, na mgongo huo umepasuliwa?

Ya tatu: Kumsamehe ni sunna, na hapa wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wana neno zuri. Ada ni kwamba wajibu una fadhila kuliko sunna. Lakini hili wamelihesabu katika mambo machache ambayo sunna imeushinda wajibu, kwani kungoja ni wajibu na kusamehe ni sunna, na pamoja na hayo kusamehe kuna thawabu kubwa zaidi.

Na yumo katika Hadithi ya Abu Said Al-Khudri (R.A.), iliyopokewa na Imam Muslim, mtu ambaye twaweza kumwita ndugu wa mgonjwa wetu. Alinunua matunda, yakapatwa na msiba, deni lake likawa kubwa. Mtume (S.A.W.) akawaamuru watu wamtolee sadaka. Watu wakatoa, wala haikutosha kulimaliza deni. Hapo akawaambia wadai wake wachukue walichokikuta, wala hawana zaidi ya hicho.

Itazameni vyema Hadithi hii. Mtume hakuanza kwa kuwanyima wadai, wala hakumwachia mdaiwa peke yake. Aliwataka watu wa mji watoe kwanza, kisha akawataka wadai wakome. Mzigo uligawanywa kwa watu watatu: mdaiwa alitoa alichonacho, jamii ikatoa ilichoweza, na mdai akaacha kilichobaki. Sisi leo tumeuacha mzigo wote juu ya mmoja, naye ndiye mgonjwa.

YANAYOMPASA MDAIWA MWENYEWE

Haki hizi zina masharti, na mdaiwa naye ana wajibu wake.

Kwanza, na asijifiche. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya sala yake, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akidaiwa husema uwongo na huahidi asitimize. Kuzima simu ni mlango wa hayo. Siku anayojua kuwa atalazwa, au akishindwa yeye basi mkewe au nduguye, na ampelekee mdai khabari pamoja na barua ya daktari, na aombe nyongeza isimamishwe kuanzia siku hiyo. Mdai aliyeambiwa mapema husikia, na mdai aliyekimbiwa hukasirika.

Pili, asikope deni jipya kulipia la zamani. Huyo ni kama mwenye kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Tatu, aandike madeni yake yote katika karatasi moja: anayemdai, asili ya deni, nyongeza, na siku ya kulipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni katika kuandika madeni. Mgonjwa wetu alidhani anadaiwa na watu watatu. Tulipoandika, tulikuta watano.

Nne, asiguse mali ya mkewe bila ya ridhaa yake ya kweli. Mahari ni milki ya mke, na dhahabu yake si akiba ya mume. Akitoa kwa moyo wake, basi ni hisani na ana thawabu. Akitolewa kwa kuona haya au kwa khofu, hiyo ni dhulma, na lililotolewa ni deni juu ya mume kama madeni mengine.

Tano, na ajue haki zake katika sheria ya nchi, kwani kutafuta haki si aibu. Kanuni za wakopeshaji wa simu zilizotolewa mwaka 2022 chini ya Benki Kuu ya Kenya zimekataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, na kuwapigia simu watu walioandikwa katika simu yake ili kumfedhehi. Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, yaizuia benki, mkopo ukishakwama, kudai riba inayopita kiasi cha asili ya deni iliyokuwa imebaki siku ulipokwama. Na Sheria ya Ajira yazuia makato yote ya mshahara yasipite theluthi mbili, ili mfanya kazi abakiwe na theluthi yake. Sheria hizi hazikuihalalisha riba mbele ya Mwenyezi Mungu, walakini ni ngao, na mwenye kushambuliwa hazitupi ngao zake.

SHAKA NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: “Tukiwangojea wadaiwa na kuwasamehe, watu watazoea kukopa na kutolipa.” Jibu: Sharia haikumfanya mwenye dhiki na mwenye uwezo kuwa mtu mmoja. Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa basi hiyo ni dhulma. Mwenye nyumba mbili za kupangisha anayejilaza kitandani ili asidaiwe, huyo ni mwizi aliyevaa shuka la mgonjwa. Dhiki huthibitishwa, kwa barua ya daktari na kwa ushahidi wa majirani wanaoijua hali ya mtu.

Huenda mwingine akasema: “Alikopa kwa riba kwa khiari yake, na avune alichopanda.” Neno hili nilikaribia kulisema mimi mwenyewe, kwa hivyo nalijua uzito wake. Jibu: Dhambi ya mkataba dawa yake ni toba, na mlango wa toba haukufungwa kwa mtu mwenye deni. Lakini ugonjwa si dhambi, na watoto wake watatu hawakutia sahihi mkataba wowote. Wanazuoni wametaja kuwa mwenye kudaiwa kwa jambo la maasia, akitubu, hupewa katika fungu la zaka la wenye madeni. Ikiwa zaka yenyewe haimkatai, sisi ni nani hata tumkatae?

Na huenda akauliza wa tatu: “Je, mgonjwa hana rukhsa ya kukopa kwa riba kwa ajili ya dharura?” Jibu: Dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri yake tu, nayo ni mtu kukhofia roho yake au kiungo chake na asipate njia nyingine. Harusi si dharura, wala sofa, wala simu mpya. Na aliye katika hali hiyo kweli na amwulize mwanachuoni amjuaye khabari zake, asijitolee fatwa. Lakini hebu tuyapime maneno haya, “asipate njia nyingine”. Njia nyingine ni nani? Ni mimi na wewe. Mtu akilazimika kuingia katika riba baada ya kugonga milango arobaini ya Waislamu wenye uwezo, na yote ikafungwa, yeye huenda akawa na udhuru. Je, wenye milango wana udhuru gani?

Na wa nne husema: “Yako mabenki ya Kiislamu.” Ni kweli, yalifunguliwa katika nchi yetu mwaka 2008, nasi twafurahi kwayo. Walakini benki ni biashara, huuza na kununua, na hutaka dhamana. Mpagazi mwenye kidonda hana cha kuweka. Haja yake ni mkopo mwema, na mkopo mwema ni ibada ya watu kwa watu.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu, harusi ikikaribia, twajua kukusanya. Mtu akifa, sanda na khitma hupatikana kabla ya jua kuchwa. Basi uwezo tunao, tulichokikosa ni nia na mpango. Sisi wa darsa hii tumekubaliana kuweka mambo mawili, nasi twayapendekeza kwa kila msikiti.

La kwanza ni fungu la zaka kwa wenye madeni. Mwenyezi Mungu ametaja makundi manane katika Suratut Tawba, aya ya 60, na wenye madeni ni mojawapo. Lakini sisi zaka zetu hugawa shilingi mia mia mlangoni mwezi wa Ramadhani, zikaliwa siku ile ile. Matajiri watatu wakiziunganisha zaka zao kidogo, wangeweza kumtoa mtu mmoja katika utumwa wa deni kila mwaka.

La pili ni sanduku la mkopo mwema, nalo ni mbali na zaka, kwani zaka hupewa mwenyewe ikawa milki yake, haikopeshwi. Watu wa nyumba 60, kila nyumba ikitoa shilingi 100 kwa wiki, hupata shilingi 6,000. Kwa wiki 13, nazo ni miezi mitatu, ni shilingi 78,000. Miezi mitatu ile ile iliyomzidishia ndugu yetu deni ingetosha kumkopesha zile 40,000 zake zote na kubaki na akiba. Na masharti ya sanduku ni haya: mkopo uandikwe na ushuhudiwe. Kila mkopaji awe na wadhamini wawili. Hapana nyongeza hata ya senti moja, wala faini ya kuchelewa, na gharama za daftari zitolewe na wenye kujitolea. Mkopaji akiugua, malipo yake husimama mpaka arudi kazini. Na mwenye uwezo akichelewesha makusudi, hakopeshwi tena mpaka alipe.

KHATIMA YA KISA

Huenda msomaji akataka kujua ndugu yetu alipatwa na nini. Tulikwenda watu wanne kwa mkopeshaji wake, pamoja na barua ya daktari na ile karatasi ya madeni. Mkopeshaji si Muislamu, wala hatukumhutubia. Tulifuata mwendo wa Mtume (S.A.W.) aliposikia ndani ya msikiti sauti za Ka'b bin Malik na mdaiwa wake zimepanda, akamwashiria Ka'b aache nusu ya deni. Ka'b alipokubali, Mtume akamwamuru mdaiwa ainuke akalipe iliyobaki. Nasi tulimwomba mkopeshaji aache nyongeza, na tukamwonyesha kuwa malipo yako tayari.

Hakukubali kuacha yote. Alikubali kuacha nusu ya nyongeza, shilingi 6,620, na kuizuia isizidi tena. Tukamkabidhi hapo hapo shilingi 20,000 tulizozichanga, na zilizobaki, shilingi 26,620, ndugu yetu azilipa kidogo kidogo tangu aliporudi kazini, katika kazi nyepesi zaidi. Katika bangili nne za mkewe, mbili zimekombolewa. Mbili ziliuzwa na mweka rehani kabla hatujafika. Nami kila nionapo mkono ule najua ya kuwa bangili hizo mbili ni bei ya kunyamaza kwangu siku ile baada ya alasiri.

Kwa hivyo, ndugu zangu walimu na makhatibu, tuendelee kuhutubu juu ya riba, kwani ni haramu mpaka siku ya Kiyama. Lakini kabla ya kupanda mimbari, kila mmoja wetu na awe na jina moja katika mfuko wake, jina la Muislamu au la sanduku atakalomwelekeza mwenye kuuliza. Kukataza mlango wa haramu bila ya kufungua mlango wa halali ni kumwacha mtu barabarani usiku.

MASWALI YA KUZINGATIA KATIKA DARSA

1. Ni jirani gani katika mtaa wako aliye mgonjwa sasa, na ni nani ajuaye kama anadaiwa?
2. Ni ipi tafauti ya mwenye dhiki na mwenye kuchelewesha kwa makusudi, na dhiki huthibitishwa vipi?
3. Kwa nini kumsamehe mwenye dhiki, nako ni sunna, kumekuwa bora kuliko kumngoja, nako ni wajibu?
4. Kwa nini fedha za zaka hazitiwi katika sanduku la mikopo?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, walipie wenye madeni madeni yao, tutosheleze kwa halali Yako na haramu Yako, na usitufanye kuwa watu wa kumwuliza maiti yale tuliyoona haya kumwuliza aliye hai. Amin.

Wabillahi t-tawfiq.